Boila 'imezimwa', 'imezimika' au 'imejizima'? Kitenzi na hitilafu za mtambo wa gesi

Kuna tofauti kubwa baina ya kusema 'boila imezimwa', 'boila imezimika' na 'boila imejizima'. Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi ataitambua tofauti hiyo kisarufi, atapewa alama zake, kisha ataisahau. Fundi wa mitambo ya gesi, lau angekuwa anahudumia wateja wake kwa Kiswahili, asingeisahau kamwe. 'Imezimwa' ina maana kwamba kuna aliyeizima, awe mtu au saa ya mtambo. 'Imezimika' ina maana kwamba kitu ilichohitaji ili iwake kimekosekana. 'Imejizima' ni jambo jingine kabisa: mtambo wenyewe umeona hatari, au umedhani umeiona, ukaikata gesi kwa makusudi. Hali hizo tatu zina dawa tatu tofauti, na mzizi ni ule ule mmoja.

Nimeyachimbua haya kwa sababu ya ombi la mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni muuguzi Uingereza, miongoni mwa wale waliokwenda baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021. Amemchukua mamake akae naye. Yeye hufanya zamu za usiku, na mama hubaki peke yake nyumbani. Mama huyo, mzaliwa wa Taita, Kiswahili anakimudu barabara, ila Kiingereza cha kijitabu cha maelekezo ya mtambo kinampiga chenga. "Prof, niandikie mama ukurasa mmoja tu," akaniomba, "ajue la kufanya boila ikikataa usiku wa Januari nikiwa wodini." Ukurasa huo mmoja ulinichukua wiki mbili. Sehemu kubwa ya muda huo niliutumia kutafuta maneno, maana jinsi mtambo unavyofanya kazi si fumbo. Fumbo ni kulieleza jambo hilo kwa mtu wa miaka sabini na zaidi bila kumvurugia akili.

Kwanza msomaji aliye Nakuru au Kilifi aelewe tunachokizungumzia. Hapa kwetu maji ya kuoga hupashwa moto kwa kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye bomba la bafuni, au kwa jua juu ya paa, au kwa sufuria tu. Gesi kwetu ni mtungi na meko. Uingereza, nyumba nyingi mno hutumia gesi asilia inayopita ardhini kwa mabomba hadi mlangoni, na boila ni kisanduku cha chuma kinachotundikwa ukutani, mara nyingi jikoni. Kazi zake ni mbili: kutoa maji ya moto mferejini, na kuyazungusha maji ya moto ndani ya vyuma bapa vilivyowekwa kila chumba ili nyumba ipate joto. Vyuma hivyo nimeviita 'rejeta', neno ambalo mafundi wetu wa magari wamelitumia miaka na mikaka. Kuna mwenzangu aliyenipinga, akidai kwamba rejeta ya gari huondoa joto ilhali ya nyumba huleta joto. Kifizikia ni kitu kile kile: chuma kinachomwaga joto la maji hewani. Dereva hulitaka joto hilo litoke, bibi aliyeketi sebuleni hulitaka lije. Mama hakupata tabu nalo hata kidogo, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori.

Kuhusu 'boila' yenyewe, wapo watakaopendekeza 'kichemsha-maji'. Mimi sikubali, na sababu si mapenzi yangu kwa maneno ya mkopo. Mtambo huu hauchemshi maji. Maji ya rejeta hutoka ndani yake yakiwa na joto la nyuzi 60 au 70 hivi, na yakifika kiwango cha kuchemka huo tayari ni ugonjwa. Jina 'kichemsha-maji' lingemfundisha mama kwamba mtambo unaochemka ni mzima. Tubaki na boila, katika ngeli ya I-ZI kama maneno mengine mengi ya mkopo.

Haya, tuufuate moto unavyowashwa. Mama akikizungusha kidhibiti cha joto kilicho sebuleni, boila haiwaki papo hapo. Pampu huanza kuyasukuma maji. Feni ndogo huvuma ili kusafisha chumba cha moto na kuhakikisha kwamba dohani iko wazi. Kisha cheche hupigwa, vali ya gesi hufunguka, moto hushika. Wala mambo hayaishii hapo. Ndani ya mwali huo kuna ncha ya chuma inayopitisha mkondo mdogo mno wa umeme kwenye moto wenyewe, kwa kuwa moto una chembe zenye chaji ziwezazo kuubeba. Mkondo ukikosekana, boila huhitimisha kwamba hakuna moto, na gesi hufungwa katika muda wa sekunde chache. Itajaribu tena mara kadhaa. Ikishindwa, huwasha taa nyekundu au huandika herufi na tarakimu kwenye kioo chake, halafu hukataa katakata kuendelea mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuianzisha upya.

Huko ndiko kujizima. Kirejeshi -ji- kinatuambia kuwa mtenda ndiye mtendwa. Wakenya wengi wangesema 'imegoma', na kitenzi hicho kitamu kinapotosha. Sisi wahadhiri tunaijua migomo vizuri: mgomo una madai, na ukishurutisha sana watu hurudi kazini. Kwa hiyo anayeamini kuwa boila yake imegoma hukibonyeza kile kitufe mara tatu, mara tano, mara kumi, akiibembeleza. Boila iliyojizima haina madai, bali ina ushahidi. Kila jaribio la kuwasha linaloshindwa hupitisha gesi kidogo isiyoungua. Ndiyo maana nilimwandikia mama: bonyeza mara moja, ngoja dakika chache, ikijizima tena, usiiguse, nakili maandishi yaliyo kwenye kioo herufi kwa herufi, umpe fundi. Maandishi hayo humwelekeza fundi penye hitilafu hata kabla hajaondoka kwake.

Lakini kabla ya kufika huko, sharti mtu ajiulize kama kweli imejizima. Huenda imezimwa: saa ya kupangia nyakati imevurugika baada ya umeme kukatika, au mtoto amekishusha kidhibiti cha sebuleni, au betri ya kidhibiti hicho imekwisha. Huenda imezimika. Boila huchoma gesi, ila pampu, feni na cheche vyote vinataka umeme, hivyo fyuzi ndogo ya ampea 3 ikiungua, mtambo wote hulala fofofo bila taa yoyote. Gesi nayo yaweza kukosekana. Njia ya kujua ni rahisi: washa meko. Meko yakikataa pia, usiilaumu boila. Katika nyumba nyingi za kupanga huko, mita ya gesi hulipiwa kabla ya matumizi kama tunavyonunua tokeni za stima, na fedha zikiisha gesi hukatika, hata kama nje kuna theluji. Mita hizo hutoa mkopo mdogo wa dharura. Nilimwambia mama ni 'okoa jahazi' ya gesi, akaelewa palepale.

Sasa tuje kwenye presha, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi kwa upande wa istilahi. Mama alipoyasikia maneno 'presha ya boila imeshuka' alimuuliza bintiye kama nayo inameza dawa. Kwa Mkenya wa kawaida presha ni maradhi. 'Shinikizo' nalo limetwaliwa na wanasiasa na madaktari kwa zamu: makundi ya shinikizo, shinikizo la damu. 'Kanieneo' ndiyo istilahi ya fizikia, nami naipenda kwa jinsi inavyojieleza yenyewe: kani juu ya eneo. Ila siwezi kuiandika kwenye karatasi ya kubandikwa friji. Juu ya hayo, kipimo kinachotumika huitwa baa, na neno 'baa' katika Kiswahili tayari lina mizigo miwili, balaa na pahali pa kulewea. Hebu msikilize mtu akikuambia kuwa nyumba yake ina baa moja na nusu!

Nikachagua 'presha', na ule mzaha wa mama ukanisaidia, kwa sababu mlinganisho wake unafaa. Maji yaliyofungiwa ndani ya mabomba na rejeta huzunguka kama damu, pampu ikiwa moyo. Kuna geji ya mviringo yenye mshale. Mtambo ukiwa umepoa, mshale uwe kati ya 1 na 1.5, ukiwa umepata moto, huweza kupanda hadi 2 hivi bila neno. Presha ikishuka mno, boila nyingi hukataa kuwaka. Ikifika 3, vali ya usalama hufunguka na kuyamwaga maji nje ya nyumba kwa bomba dogo la shaba. Kuna mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, wenye vali kwenye miisho yake, unaoruhusu maji ya mfereji kuingia mtamboni. Mtambo ukiwa umezimwa na kupoa, unazifungua vali hizo taratibu, unautazama mshale ukipanda, unazifunga kabisa ukikaribia 1.5. Mtu akisahau kuzifunga vizuri, presha itaendelea kupanda usiku kucha.

Hapa nyakati na hali za kitenzi zinafanya kazi nzuri kuliko geji yenyewe. 'Presha imepungua' si sawa na 'presha hupungua'. Iliyopungua mara moja baada ya miezi mingi, au baada ya kutoa hewa kwenye rejeta, ongeza maji, endelea na maisha. Inayopungua kila wiki, hiyo -hu- ya mazoea inakuambia kwamba maji yanatoka mahali. Ukizidi kuongeza tu, unajidhuru kwa njia usiyoiona: maji mapya huja na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, oksijeni hula chuma cha rejeta kwa ndani, na kutu hiyo hugeuka kuwa mashapo meusi tititi yanayosafiri hadi kwenye pampu na kuikaba. Nimeambiwa wako wapangaji wanaoongeza maji kila Jumamosi kama wanaomwagilia maua.

Kuna pia presha 'ipandayo na kushuka'. Asubuhi mshale uko karibu na sufuri. Moto ukiwashwa unaruka hadi 3, nje ya ukuta maji yanachuruzika kwenye bomba la shaba. Jioni sufuri tena. Sababu yake ni nzuri kuieleza. Maji yakipashwa kutoka baridi ya bomba hadi nyuzi 70 hutanuka kwa asilimia 2 hivi, na kwa kuwa maji hayagandamiziki, nafasi ya kutanukia lazima itafutwe. Ndani ya boila kuna kibuyu cha chuma kilichogawanywa na utando wa mpira, huku maji, kule hewa. Maji yakitanuka, hewa hukubali kubanwa. Hewa hiyo ikivuja, au utando ukipasuka, kibuyu hujaa maji topu na hakibaki kitu cha kubanwa. Mara nyingine tiba yake ni kukijaza kibuyu hewa tena, kwa kinyonyo kama kile cha gurudumu la gari. Hata hivyo, hiyo ni kazi ya fundi, kwa kuwa kuna maji ya kuondoa kwanza na kipimo cha kufuata.

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya maji, nami sijaona pahali vinapofaa kama hapa. Maji hutona, hudondoka, huchuruzika, hufoka, hububujika. Fundi akiuliza kwa simu, jibu 'inavuja' halimsaidii. 'Inatona chini ya kisanduku, tone moja kila nikihesabu kumi' linamsaidia sana, kwa kuwa pengine ni kiungo kilicholegea au muhuri wa mpira uliochakaa. 'Inachuruzika nje kwenye bomba la shaba' inamrudisha kwenye kibuyu. Na 'inadondoka nje kwenye bomba jeupe la plastiki' si hitilafu hata kidogo.

Bomba hilo jeupe linastahili aya yake. Tangu 2005, sheria za ujenzi za Uingereza na Wales zimetaka boila mpya za gesi, isipokuwa kwa nadra, ziwe za aina inayonyonya hata joto la mvuke uliomo katika moshi wake. Gesi ikiungua hutoa maji kama mvuke. Boila za zamani ziliutupa mvuke huo nje pamoja na joto lake. Hizi za sasa huupoza mpaka ugeuke matone, zikajipatia joto la ziada, na matone hayo, yenye asidi kidogo, hutoka kwa bomba la plastiki. Katika majira ya baridi kali, bomba hilo likipita nje ya ukuta, maji huganda ndani yake. Yakiganda, mengine hurudi nyuma, boila huhisi imezibwa na kujizima. Desemba 2010 baridi ilipozidi nchini humo, boila nyingi sana zilizimwa na barafu ya unene wa kidole. Mtambo ulikuwa mzima. Kilichougua ni bomba la takataka.

Dalili yake husikika kabla haijaonekana: boila hutoa mlio wa mtu anayesukutua koo. Mama akiusikia mlio huo usiku wa barafu, na bomba likiwa mahali anapolifikia bila ngazi, atalifunika kwa chupa ya mpira yenye maji ya moto, ama atalimwagia maji ya uvuguvugu kuanzia mwisho wake. Yasiwe maji yanayochemka, plastiki baridi hupasuka. Na asimwage mengi sakafuni, maana yataganda na kumtelezesha. Barafu ikiyeyuka, kile kitufe mara moja, basi.

Kwa kuwa nimefika kwenye milio, niseme kuwa tanakali za sauti, ambazo shuleni tunazifundisha kama mapambo ya insha, ni chombo halisi cha uchunguzi. Boila inayovuma kama birika lililokaribia kuchemka ina ukoko. Kusini mashariki mwa Uingereza, London ikiwemo, maji hupita kwenye miamba ya chokaa na kuibeba. Yakipashwa moto, chokaa huachwa ukutani mwa chuma, kama ule utando mweupe tunaouona ndani ya sufuria kwa wanaotumia maji ya visima. Pale penye ukoko joto halipiti vizuri, maji yaliyonaswa chini yake huchemka na kulipuka vipovu vidogo vidogo, na ndiyo sauti ile. Mashapo meusi niliyoyataja yanaweza kuleta mlio huo huo. Mlio wa 'fsss' tunautaka ukiwa tunatoa hewa kwenye rejeta na hatuutaki popote kwingine.

Rejeta yenyewe huongea kwa mkono. Ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa; hewa ni nyepesi, imekaa kileleni. Mtambo ukiwa umepoa, tia ufunguo mdogo wa rejeta, legeza nusu mzunguko, kitambaa chini, ngoja hewa iishe maji yatokee, kaza, kisha kaangalie geji. Ikiwa moto juu na baridi chini, ni mashapo, na ufunguo hautasaidia. Ikiwa rejeta moja tu ni baridi na nyingine zote zina moto, mara nyingi ni kipini cha vali yake kilichokwama. Zote zikiwa baridi ilhali boila inaunguruma, mshuku pampu. Mfereji ukitoa maji ya moto lakini nyumba ikabaki baridi, au kinyume chake, kuna vali ndani ya boila inayogawa maji njia mbili, nayo hukwama upande mmoja kama mlango uliovimba.

Mpaka wa mama unaishia hapo. Kifuniko cha mbele asikifungue, wala mwanawe, wala yule kijana wa kanisani anayejua umeme kidogo. Sisi tumezoea fundi wa mtaani anayejua kila kitu, na mara nyingi kweli anakijua, lakini kwa gesi Waingereza wameweka ukuta. Tangu Aprili 2009, anayeruhusiwa kuitengeneza boila ni aliyesajiliwa katika daftari liitwalo Gas Safe, na hubeba kadi yenye picha inayoonyesha ni kazi gani ameidhinishwa kuzifanya. Zaidi ya hayo, kanuni za usalama wa gesi za 1998 humlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vimekaguliwa kila mwaka, na kumpa mpangaji nakala ya cheti cha ukaguzi. Nilimsisitizia muuguzi wetu suala hili la cheti kuliko mengine yote. Wageni wengi huogopa kumsumbua mwenye nyumba. Kumdai cheti cha ukaguzi si kumsumbua, ni sheria.

Sababu ya ukuta huo ni gesi ambayo Kiswahili chetu hakijaipa jina la kufaa. Magazeti huita kabonidioksidi 'hewa ukaa', jina zuri. Tatizo ni kwamba ripota yuyo huyo, familia ikipatikana imefariki baada ya kulala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa madirisha, huandika kwamba waliuawa na hewa ukaa. Siyo. Kilichowaua ni kabonimonoksidi, yenye atomu moja ya oksijeni badala ya mbili, na tofauti ya atomu hiyo moja ni tofauti ya hewa tunayoipumua nje kila dakika na sumu. Kabonimonoksidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huzunguka bila kubeba kinachotakiwa. Wengine huiita 'sumu ya moshi', wakampotosha msikilizaji atafute moshi, ilhali gesi hii haina rangi wala harufu.

Kwenye ukurasa wa mama niliiita 'sumu ya moto wenye njaa'. Gesi ikiungua kwa hewa ya kutosha, mwali wake ni wa buluu na uliosimama imara. Ikikosa hewa, kwa kuwa tundu zimezibwa na vumbi au dohani imeziba, mwali huwa wa manjano, mlegevu, na sumu huzaliwa. Boila nyingi za leo zimefungwa hivi kwamba moto hauonekani, kwa hiyo mtu aangalie masizi au madoa ya kahawia kwenye kisanduku. Katika boila za zamani zenye kimwali kinachowaka daima, kimwali hicho kuzimika mara kwa mara nacho ni dalili. Mwilini huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Mtu hudhani ni mafua, ila hana homa. Na akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani anaugua tena. Binti yake anazijua dalili hizi kuliko mimi, amezisomea. Lakini usiku anayeivuta hewa ya nyumba ile ni mama.

Hapa nikakumbana na kitenzi cha mwisho, 'kusikia'. Kiswahili husikia kwa masikio na husikia kwa pua. 'Ukisikia gesi' inaweza kuwa mambo mawili. Gesi asilia yenyewe haina harufu, hutiwa dawa yenye uvundo ili ikivuja pua itambue. Mama akisikia uvundo huo asiguse swichi ya taa, si kuwasha si kuzima, wala asiwashe kiberiti. Afungue madirisha, afunge vali kuu iliyo karibu na mita ikiwa anaifikia, atoke nje, na akiwa huko nje apige 0800 111 999, nambari ya dharura ya gesi ambayo hupokewa saa zote. Nilimkumbusha pia kwamba gesi ya huko, tofauti na ya mtungi wetu ambayo ni nzito na hutambaa sakafuni, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda darini, hivyo asiinamie chini kuinusa.

Kabonimonoksidi haisikiki kwa pua. Inasikika kwa sikio tu, na kwa sharti kwamba kuna king'ora. Kule Uingereza, tangu Oktoba 1, 2022, mwenye nyumba ya kupangisha anawajibika kuweka king'ora hicho katika kila chumba kinachokaliwa chenye kifaa cha kuchoma mafuta au gesi kilichofungwa humo, isipokuwa jiko la kupikia. Katika nyumba ya muuguzi wetu kilikuwepo, ndani ya kabati, betri zimetolewa. Nilimwandikia mama sauti zake mbili, kwa wino mzito, chini kabisa ya ukurasa: kikilia 'pi' moja, kikanyamaza karibu dakika nzima, kikalia 'pi' tena, betri imekwisha au chenyewe kimezeeka, mwambie mwanao asubuhi; kikilia pi-pi-pi kwa kurudiarudia, vaa koti, fungua mlango ukiwa unapita, toka nje, piga simu ukiwa barabarani, na usirudi kuchukua kitu.